Binti yangu anataka kuingia sororiti Marekani. Nimruhusu?

*"Shikamoo. Binti yangu yuko mwaka wa pili chuo kikuu huko Marekani, karibu na Washington. Wiki mbili zilizopita alinipigia simu akasema anataka kuingia chama cha wasichana kinachoitwa sororiti, jina lake Alpha Kappa Alpha, na anaomba hela ambayo si ya ada. Nikamuuliza humo ndani mnafanya nini, akasema mambo mengine ni ya siri, hawezi kuniambia. Akanitumia picha za wasichana wamevaa pinki na kijani, wamejipanga mstari mmoja, wanapiga kelele. Nilipomwonyesha wifi yangu akasema hizo herufi za Kigiriki ni za Freemason, na kwamba wapo watoto waliokufa wakati wa kuingizwa kwenye vyama hivi. Tangu hapo silali. Mwanangu ananiambia chama kina zaidi ya miaka mia moja na hata Kamala Harris yumo. Naomba unieleze bila kunificha: kilianzaje, kinafanya nini, na mimi niliye Tanzania nifanyeje?"*

Marahaba, mama, na pole kwa kukosa usingizi. Ukiitazama vizuri barua yako utaona umefunga hofu mbili kwenye fundo moja la kanga. Ya kwanza ni shetani. Ya pili ni fimbo. Nimewashauri wazazi wa wanafunzi walioko Marekani kwa miaka mingi, na karibu wote hutumia nguvu zao zote kwenye hofu ya kwanza, mpaka mtoto anachoka kuulizwa habari za Freemason na kuacha kusimulia lolote. Hapo ndipo hofu ya pili, ambayo ndiyo yenye msingi, hupata nafasi.

Wifi yako hakutunga kila kitu. Vyuo vya Marekani vya karne ya 18 viliwalisha wanafunzi Kigiriki na Kilatini asubuhi na jioni. Mwaka 1776 vijana wa chuo cha William and Mary, Virginia, walianzisha chama cha mijadala wakakiita Phi Beta Kappa: herufi tatu ambazo ni ufupisho wa kauli mbiu yao, pamoja na namna ya siri ya kupeana mkono. Desturi za aina hiyo zilikuwa zimeenea wakati ule. Freemason walikuwa nazo, na vijana wakaiga, kama wanetu wanavyoiga mikato ya nywele ya wachezaji mpira. Baadaye Wamarekani wenyewe wakaingiwa na hofu hii hii ya wifi yako, likaja wimbi kubwa la chuki dhidi ya Freemason, na mwaka 1831 Phi Beta Kappa wakaamua kuweka siri zao hadharani. Siku hizi ni heshima wanayopewa wanafunzi wenye alama za juu. Lakini mtindo wa herufi, rangi na salamu ulikuwa umeshapendwa, vyama vingine vikauchukua. Skauti nao wana sare, kiapo na namna yao ya kushikana mkono, na hakuna aliyewahi kudhani wanaabudu kitu.

Sitakuficha kwamba wapo Wakristo wa huko huko waliojitoa kwenye vyama hivi wakisema kiapo na alama zake haviendani na imani yao. Ni suala la dhamiri, na binti yako ana haki ya kulipima kabla hajaingia, si baada. Ila ujue pia kwamba humo mmejaa wanakwaya na wake wa wachungaji. Coretta Scott King, mjane wa Martin Luther King, alikuwa mwanachama wa chama hiki hiki.

Neno lenyewe halina uchawi. *Soror* ni dada kwa Kilatini. Wasichana wa mwanzo walioanzisha vyama vyao walijiita "fraterniti" kama wavulana, neno linalotokana na *frater*, kaka. Wakati wa Gamma Phi Beta, kilichoanzishwa Syracuse, New York, mwaka 1874, mwalimu mmoja wa Kilatini akaona ni kichekesho wasichana kuitwa undugu wa kaka, akapendekeza "sororiti". Likabaki. Wanachama wa vyama vya weusi huitana *soror* mpaka uzeeni, na ndiyo maana utamsikia binti wa miaka ishirini akimwita hivyo bibi mwenye mkongojo.

Sasa tuje kwenye chama chenyewe. Howard ni chuo kilichofunguliwa Washington mwaka 1867, miaka miwili tu baada ya utumwa kukomeshwa Marekani, na ingawa hakikumfungia mtu mlango, wanafunzi wake wengi walikuwa weusi. Kufikia 1908 wengi wa wasichana waliokuwa pale walikuwa wajukuu wa watumwa, na wengine watoto wao. Walikuwa wachache kati ya wavulana wengi, wengi wao wametoka mbali na kwao, na karibu wote walijua kwamba wakihitimu watakwenda kushika chaki, maana kwa msichana mweusi msomi milango mingine ilikuwa imefungwa. Mmoja wao alikuwa Ethel Hedgeman kutoka St. Louis. Mwalimu wake, Ethel Robinson, alikuwa amesoma Chuo Kikuu cha Brown, akamsimulia maisha ya vyama vya wasichana aliyoyaona kule. Tena kulikuwa na kijana, George Lyle, wa chama cha wavulana weusi cha Alpha Phi Alpha, kilichozaliwa Cornell mwaka 1906 na kilichokuwa ndiyo kwanza kimefungua tawi Howard. Kijana huyo alimtia moyo sana binti, na kama ulivyokwisha kuhisi, baadaye akamuoa. Vitabuni utamkuta kwa jina la Ethel Hedgeman Lyle.

Tarehe 15 Januari 1908, katika bweni la wasichana lililoitwa Miner Hall, chama kikazaliwa. Walikuwa tisa, na mwaka huo huo wakaongezwa saba wa mwaka wa pili bila kupitia sherehe ya kuingizwa, ili wakubwa wakihitimu kisife. Nakuomba usimame kidogo hapo kwenye wale saba, maana ndipo akili ya jambo hili ilipo: baadhi yao wana miezi michache tu ya kubaki chuoni, na tayari wanafikiria nani atabaki na funguo. Katiba iliandikwa kwa mkono wa Lucy Diggs Slowe, ambaye ndiye aliyekuwa rais wa kwanza. Miaka tisa baadaye, mwaka 1917, dada huyo alishinda mashindano ya taifa ya tenisi ya weusi, mwanamke wa kwanza mweusi kuwa bingwa wa taifa katika mchezo wowote nchini mwake, na mwaka 1922 akarudi Howard kuwa mlezi mkuu wa wanafunzi wa kike. Rangi za pinki na kijani ulizoziona kwenye picha ni za tangu siku hizo.

Utasikia watu wakisema, pengine hata binti yako, kwamba chama kilianzishwa kwa sababu sororiti za wazungu ziliwakataa weusi. Ziliwakataa kweli, kwa katiba au kwa mazoea, na kwa miongo mingi. Lakini Howard hapakuwa na sororiti ya wazungu ya kumkataa mtu. Wale wasichana hawakuwa wanajibu mlango uliofungwa usoni mwao. Walikuwa wachache, wapweke, na wanataka kushikana mikono. Nalitaja hili kwa sababu mtoto anayeambiwa anajiunga na chama cha kulipiza kisasi cha kukataliwa huingia na kinyongo ambacho waanzilishi hawakuwa nacho.

Kilichokifanya chama kiishi zaidi ya karne ni ugomvi. Mwaka 1912 wanachama 22 waliokuwa bado wanasoma walipiga kura kubadilisha karibu kila kitu: jina, rangi, kauli mbiu, alama. Walitaka chama kipana zaidi, chenye sauti kwenye mambo ya nchi. Habari zikamfikia Nellie Quander, aliyekuwa kiongozi wao na aliyekuwa ameshahitimu. Akakataa. Baadhi ya wenzake wakamuunga mkono, na tarehe 29 Januari 1913 wakakisajili chama kisheria hapo Washington. Wale 22 hawakusubiri. Tarehe 13 Januari, wiki mbili kabla, walikuwa wameshaanzisha chama chao, Delta Sigma Theta, na tarehe 3 Machi mwaka huo huo walikuwa barabarani Washington katika maandamano makubwa ya kudai kura ya wanawake, siku moja kabla Woodrow Wilson hajaapishwa.

Ukiwauliza AKA, kama wanavyojiita kwa kifupi, watakwambia Quander aliokoa nyumba isiuzwe na wapangaji. Ukiwauliza Delta watakwambia wao walikuwa na upeo mpana zaidi. Mimi naona wote wana haki, na bado wanataniana kwa hilo mpaka leo, wakati mwingine utani wenye meno. Ila kisheria Quander alifanya jambo kubwa kuliko lilivyoonekana siku ile. Kabla ya usajili, chama kilikuwa cha wale waliopo mwaka huo. Darasa moja likichoka, au likigombana, kimekwisha. Wewe unajua tofauti ya kikundi cha upatu cha kinamama kumi wanaoaminiana, ambacho mweka hazina akihamia Mwanza kimekufa, na SACCOS yenye cheti cha usajili ambayo waanzilishi wake wameshazikwa na bado inakopesha. Hiyo ndiyo tofauti ya Januari 1908 na Januari 1913.

Baada ya hapo kukua kulikuwa suala la njia. Tawi la pili, Beta, lilifunguliwa Chicago mwaka huo huo wa 1913, na mwaka 1914 likafuata Gamma, Chuo Kikuu cha Illinois. Hivi vilikuwa vyuo vya wazungu wengi, ambako msichana mweusi mara nyingi hakuruhusiwa hata kulala bwenini na wenzake. Huko, tofauti na Howard, chama kilikuwa paa la kweli. Halafu kuna matawi ya waliohitimu, na hapa ndipo sororiti za weusi zinapotofautiana sana na zile za kizungu unazoziona kwenye filamu, zenye jumba kubwa na nguzo nyeupe, ambazo wengi wao wakihitimu huwa wamebaki na picha na kumbukumbu. Binti akimaliza chuo akaenda kufundisha mji mwingine, aliwakuta wenzake watano, wakafungua tawi lao wenyewe. Ukiona jina la tawi la AKA limeishia na neno Omega, jua ni la waliohitimu. Walimu walipohamia kaskazini na magharibi kutafuta maisha, chama kilisafiri kwenye masanduku yao. Leo kina matawi zaidi ya 1,000 na kimeingiza wanachama zaidi ya 300,000, wakiwemo walioko nje ya Marekani. Kamala Harris aliingia kwenye chama mwaka 1986 akiwa Howard, kwenye tawi lile lile la kwanza.

Umeniuliza wanafanya nini. Wanacheza, wanavaa, wanapiga picha, hilo umeliona. Nitakusimulia moja ambalo halimo kwenye picha ulizotumiwa. Mwaka 1934 kiongozi wao, Ida Jackson, alifungua shule ya likizo ya kuwapiga msasa walimu wa vijijini huko Mississippi. Akagundua kwamba huwezi kumfundisha kusoma mtoto mwenye njaa na homa. Kiangazi cha 1935 wakarudi na madaktari na wauguzi, wakiongozwa na Daktari Dorothy Boulding Ferebee wa Washington, wakiwa wamepanga kufungua zahanati za muda katika wilaya ya Holmes. Wenye mashamba ya pamba wakakataa kuwaachia wakulima wao waende zahanati, wakihofu mikusanyiko. Basi wale kinamama wakapakia chanjo na vifaa kwenye magari yao wenyewe, wakafuata watu mashambani. Gari linasimama chini ya mti, meza inakunjuliwa, watoto wanapanga foleni kuchanjwa ndui na dondakoo. Walifanya hivyo kila kiangazi mpaka 1942, vita ilipofanya petroli na matairi kuwa haba. Walikuwa walimu na wauguzi wanaotumia likizo zao, kwa michango ya wanachama.

Afrika Mashariki tumeguswa pia, ingawa na wale dada zao waliogombana nao. Katika miaka ya 1960 Delta Sigma Theta walichangia huduma ya wazazi kwenye hospitali ya misheni ya Mary Help of the Sick, Thika, Kenya. Wapo watu wazima Thika waliozaliwa kwa fedha za akina dada ambao hawajawahi kuwaona.

Na kama bado picha za sare na mistari zinakutisha, kumbuka ya kwetu. Mombasa na Lamu kulikuwa na vyama vya lelemama: wanawake wenye sare, vyeo, nyimbo za mafumbo na mashindano makali na chama cha mtaa wa pili. Watu walikopa ili chama chao kisiaibike. Dar es Salaam, Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba kabla hajawa kiongozi wa wanawake wa TANU, na ni kupitia vikundi kama hivyo wanawake walimiminika kwenye chama mwaka 1955. Ngoma ilikuwa tayari na orodha ya watu, na nidhamu, na mtu wa kupiga mbiu. Wale wasichana wa pinki na kijani wana mlio wao mwembamba mkali wa kuitana, ambao mara ya kwanza nilipousikia niligeuka kutafuta bibi harusi. Ni vigelegele, mama, vimebadilishwa tu.

Kuhusu siri. Siri zenyewe kwa kawaida ni maneno ya sherehe ya kuingizwa, namna ya kutambuana, na majina ya waombaji kabla hawajatangazwa. Unyago una siri zake na wewe mwenyewe kuna mambo ya kungwi wako ambayo hujamwambia mumeo. Siri ya namna hiyo haiumizi. Kipimo ninachowapa wazazi ni hiki: siri ya maneno ni sawa, siri ya *mahali ulipo* si sawa. Binti anayesema "siwezi kukwambia tunachosema" muache. Binti anayesema "siwezi kukwambia nilikuwa wapi saa nane za usiku" usimwache.

Hapo ndipo tunapofika kwenye fimbo.

Ulisoma bweni? Basi unajua alivyofanyiwa njuka, mwanafunzi mgeni: kufulishwa nguo za wakubwa, kuimbishwa usiku, kunyimwa chakula, na mwaka unaofuata aliyeonewa ndiye anayeonea. Wamarekani huita hezingi. Vyama vya wavulana na wasichana, vya wazungu na vya weusi, vyote vimeugua ugonjwa huu, na ndiyo, watu wamekufa. Wifi yako hakusema uongo. Zamani kulikuwa na kipindi kirefu cha waombaji kupitishwa majaribio hadharani. Mwaka 1990 vyama vya weusi vilivyo chini ya baraza lao la pamoja, lililoundwa Howard mwaka 1930, vilikubaliana kukifuta kipindi hicho. Badala yake kukawekwa utaratibu mfupi wa maombi, mahojiano, mafunzo na sherehe. Kwenye karatasi mateso yaliisha. Mitaani yalihamia gizani: vyumba vya kupanga, maeneo ya mbali na chuo, usiku. Nayo yana mantiki yake ya ajabu. Msichana aliyeingia kwa fomu tu huambiwa na baadhi ya wenzake kwamba yeye ni wa makaratasi, hakuipata kwa jasho. Maneno hayo humuuma kuliko unavyodhani, kwa hiyo kuna wanaoomba wenyewe kupigwa ili waheshimiwe. Ndiyo maana kumwambia mtoto "ukipigwa, kataa" hakutoshi. Ukatili huu haujileti kwa sura ya adui. Unakuja na sura ya upendo, unaitwa kujenga umoja, na anayeufanya ni dada unayemhusudu.

Sheria ziko. Majimbo zaidi ya 40 yanayo sheria dhidi ya hezingi, na Desemba 2024 ilisainiwa sheria ya nchi nzima inayovitaka vyuo vitoe taarifa za matukio haya na kuvitaja hadharani vyama vilivyokutwa na hatia. Hii ni silaha mkononi mwako. Binti aingie kwenye tovuti ya chuo chake atafute taarifa hiyo, kisha aone kama tawi analoliomba limewahi kusimamishwa na kwa kosa gani. Tawi linaweza kuwa na rekodi chafu chuo kimoja na safi kama maji ya kisima chuo cha jirani. Jina la chama halikwambii kitu. Tawi ndilo linalokwambia.

Kwa mwanafunzi wa kigeni kuna jambo la ziada ambalo marafiki zake Wamarekani hawalifikirii. Akiwa mmoja wa watesaji mwaka unaofuata, hata kwa kusimama tu mlangoni, akakamatwa, viza yake iko hatarini. Mwenzake atapata kesi. Yeye anaweza kupata kesi na tiketi ya kurudi. Nimeona kijana mmoja akirudishwa akiwa na mitihani miwili tu ya kumaliza.

Hela. Kuna ada ya kuingia, ada za kila mwaka, halafu mavazi ya siku ya kutambulishwa, zawadi, koti lenye herufi, safari za mikutano. Ukijumlisha yote mwaka wa kwanza sitashangaa ikivuka dola 1,000, na kwa mshahara wetu hiyo si hela ya kuombea kwa simu. Mwambie akuandikie mchanganuo: ipi ni ada ya chama, inalipwa kwa nani, kwa risiti gani, na ipi ni ya kupendeza. Ada halali hulipwa kwa chama kwa utaratibu ulioandikwa. Ukisikia hela ya kumtumia dada fulani kwenye simu yake, au ya kununulia wakubwa chakula, hiyo si ada, na mara nyingi ni mlango wa hayo ya gizani.

Je, faida zipo? Zipo, lakini si za miujiza. Atakuwa na wenyeji karibu kila mji mkubwa, wanawake watu wazima wenye kazi zao watakaompokea simu kwa sababu ya herufi tatu. Akiwa peke yake nchi ya watu, hilo ni jambo kubwa, na nimeona likimpatia mtu chumba cha kulala usiku wa theluji. Mwaka 2023 chama kilifungua hata ushirika wake wa akiba na mikopo. Lakini hakitamwandikia mitihani, na muhula wa kuingia huwa unakula muda vibaya sana. Alama zikiwa zinayumba, huu si muhula wake.

Anaweza kusubiri. Hili wengi hawalijui: mlango haufungwi akihitimu. Matawi ya Omega hupokea wanawake wenye shahada, kwa kawaida kwa mwaliko wa wanaowafahamu, wengine wakiwa na miaka arobaini na zaidi. Huko mambo ya njuka ni machache mno, maana mwanamke mwenye mkopo wa nyumba hana muda wa kukesha akimwimbisha mwenzake. Kama ingekuwa binti yangu ningempendekezea njia hiyo, lakini najua kwa nini hataipenda: anataka mstari wake, marafiki zake watakaoingia naye siku moja, wale wa kwenye picha. Nimewahi kuona siku ya kutambulishwa. Wasichana wamefunikwa nyuso, wamejipanga kwa kimo, mfupi mbele mrefu nyuma, kila mmoja anashika bega la wa mbele yake. Barakoa zinavuliwa mmoja baada ya mwingine na uwanja mzima unalipuka. Mama mmoja pembeni yangu, Mnaijeria, alikuwa amefunika mdomo kwa mikono miwili. Kama binti yako anataka hilo simlaumu, na wewe usimlaumu.

Usimkataze kwa simu. Akikatazwa ataingia bila kukwambia, na hapo umempoteza shahidi pekee uliyenaye, yaani yeye mwenyewe. Mwambie: nitasaidia hela kwa masharti. Kila siku ya mchakato unitumie ujumbe kabla ya kulala, hata neno moja. Shughuli ya usiku wa manane, pombe ya kulazimishwa, kunyang'anywa simu, kupigwa, kunyimwa usingizi au chakula, likitokea moja tu unaondoka, na mimi sitasema "nilikwambia".

Na ujue lini mambo yamevuka ushauri wangu. Ukimwona kwenye video amekonda, anasinzia, anavaa mikono mirefu kwenye joto, anakwepa kuonyesha mwili, mwambie aende ofisi ya wanafunzi wa kimataifa na kituo cha ushauri cha chuo siku hiyo hiyo. Vyuo vingi vina njia ya kutoa taarifa bila kutaja jina. Akilalamika maumivu makali ya mapaja, matako au mikono baada ya mazoezi ya kulazimishwa au kupigwa, na mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, asilale akisubiri asubuhi. Hiyo ni misuli inayovunjika na kumwaga sumu kwenye figo; aende chumba cha dharura, amweleze daktari ukweli wote. Mtu akizimia au akishindwa kuamshwa baada ya pombe, wapige simu 911, namba ya dharura ya Marekani, kwanza; mengine baadaye. Na kama unaye ndugu au Mtanzania unayemwamini karibu na Washington, mwombe akamtembelee Jumamosi moja akale naye chakula. Macho ya mtu mzima aliyekaa meza moja na mtoto huona yasiyoonekana kwenye simu.

Leo jioni, kabla ya yote hayo, mpigie umuulize swali moja dogo. Kila tawi la wanafunzi lina mshauri kutoka tawi la waliohitimu, mwanamke mtu mzima anayewajibika kwa kila kinachofanyika. Muulize jina la mama huyo, na kama ameshazungumza naye. Akilijua, na akakwambia wanakutana mchana kwenye ukumbi wa chuo, kunywa chai yako. Akikwambia hamjui, au kwamba mambo haya hayamhusu mshauri, niandikie tena.